Video Niliyoituma Nikijua

Mwanangu Namsifu,

Barua huanza kwa kujuliana hali, lakini hali yako naijua. Mchana huu umekula makande sahani mbili, ya kwanza ukilalamika kwamba chumvi imezidi. Sasa umeshuka kwa bibi yako kumuaga, na kwa jinsi ninavyomjua mama mkwe wangu, hatakuachia kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kukaa mezani peke yangu na kalamu. Kesho asubuhi nitakukabidhi bahasha hii stendi ya Same. Usiifungue mpaka basi lipite Hedaru, maana ukiifungua mapema nakujua, utashuka.

Sitakuandikia habari za masweta wala za kula vizuri. Shangazi zako wamekwisha kukufundisha namna ya kuishi Korea, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka Chalinze. Mimi nina jambo moja tu. Ni kosa langu, nimekaa nalo miaka kumi, na Jumapili iliyopita nimegundua kwamba muda wote huo wewe ndiye uliyekuwa unalibeba.

Unakumbuka mchungaji alipokuita mbele ili tukuombee safari. Akakuuliza unakwenda kusoma nini hasa. Ukasema unakwenda kutafiti namna ya kubana video zipungue ukubwa bila kuharibika, na zibanwe upesi, hata kwa simu ndogo isiyo na nguvu. Baba yako akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Mchungaji, anakwenda kusomea ubahili! Wapare tumeshabana kila kitu, zilibaki video." Kanisa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Tunasemwa kwa ubahili na kwa kupenda kesi tangu enzi za mababu, afadhali tujicheke wenyewe.

Halafu ukaongeza jambo kwa sauti ndogo. Nadhani walioketi nyuma hawakulisikia. Ulisema, "Nikiwa kidato cha pili nilibana video moja, mtoto akafa. Naenda kutafuta namna ya kubana isiyoua."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Mama Tumaini, aliyemzaa mtoto huyo, alikuwa benchi la tatu, na sikuthubutu kugeuka kumtazama. Nilikuwa nakutazama wewe, mkubwa hivyo, una shahada, una viza kwenye pasipoti, nikaona kumbe ndani yako yumo yule msichana wa miaka kumi na minne, bado ameshika simu yangu. Namsifu, wewe hukumuua mtoto wa mtu. Nayasema haya mwanzoni kabisa, ili hata kama barua hii itapotea kipande, hicho ukipate.

Sasa nikueleze yaliyokuwa.

Ilikuwa Desemba, uko likizo, mvua za vuli zimekolea na barabara ya kushuka bondeni imeanza kumeguka pale kwenye kona ya pili. Mimi nilikuwa muuguzi peke yangu pale zahanati, maana mganga alikuwa likizo. Asubuhi, kama saa tatu, Mama Tumaini akafika na Elirehema mgongoni. Mtoto wa miezi minne, amefunikwa kanga ya kijani. Alikuwa amekohoa siku mbili. Nilimfungua, nikamlaza mezani, nikahesabu pumzi zake dakika nzima kama tulivyofundishwa. Zilikuwa nyingi mno. Nikarudia kuhesabu, zikawa vilevile. Kisha nikatazama kifua. Kila alipovuta hewa, sehemu ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Hiyo ni dalili ambayo muuguzi hahitaji kumuuliza mtu. Ukiiona unampa mtoto dozi ya kwanza na kumpeleka hospitali siku hiyohiyo, kwa gari, kwa pikipiki, kwa machela, kwa chochote kilichopo.

Niliiona, Namsifu. Kwa macho haya. Saa tatu asubuhi, na barabara ilikuwa bado inapitika.

Kwa nini sikumpeleka? Hapo ndipo panaponiuma. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemteremsha mtoto mwingine, nikaandika kwenye karatasi ya rufaa kwamba kifua kinabonyea. Kumbe alikuwa na mafua yaliyomziba pua. Daktari aliyempokea huko chini, ambaye ndiye aliyekuwa akitushauri kwa simu sisi wa zahanati za milimani, hakunipigia. Aliandika kwenye kundi letu la simu, mbele ya wauguzi wote: "Manesi wa mlimani, si kila kikohozi ni nimonia. Jifunzeni kuangalia." Chini yake wenzangu wakaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nilivihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja.

Wewe hukujua, baba yako hakujua. Nilijikaza kisabuni, nikaendelea na kazi. Lakini ndani niliapa kwamba sitaandika tena neno ambalo daktari anaweza kulicheka.

Basi siku ya Elirehema nikachukua simu, nikarekodi kifua chake. Nilijiambia: safari hii sisemi kitu, video itasema. Daktari ataona mwenyewe, na akishaona, uamuzi ni wake. Hilo ndilo kosa lenyewe, yote mengine yalifuata mkia wake. Nilitaka video iseme ili nisiseme mimi.

Nikapanda mpaka kwenye lile jiwe nyuma ya kanisa, mahali pekee palipokuwa na mtandao wa kueleweka wakati ule. Video ikagoma kwenda. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, kakakata. Nikajaribu mara tatu, mvua inaninyeshea, nimeifunika simu kwa upande wa kanga. Ndipo nilipokumbuka kwamba juzi yake ulikuwa umeniwekea programu ya kupunguza video, ili nimtumie shangazi yako wa Lembeni kwaya ya Majilio. Nikashuka nyumbani mbio. Wewe ulikuwa unachambua maharage barazani. Nikakuambia, "Mama, nipunguzie hii, haraka." Ukabonyeza. Simu ikachemka kama kikaango, chaji ikashuka, tukasubiri nusu saa nzima. Ikatoka, nikaona bado kubwa. Ukaniuliza, "Nipunguze tena?" Nikasema, "Weka ile ya chini kabisa."

Nani aliyesema weka ya chini kabisa? Mimi. Wewe ulitii mzazi wako. Nusu saa nyingine ikapita. Kisha ukarudi kwenye maharage yako, na mimi nikapanda tena jiweni. Unachokijua wewe kinaishia hapo. Kinachofuata sijamwambia mtu hata mmoja duniani, hata baba yako, na kwenye sala nimekuwa nikikizungukia kama mtu anayekwepa dimbwi.

Kabla ya kutuma, niliitazama.

Nilisimama pale jiweni, nikaifungua ile video ndogo, nikaitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa sekunde kumi na tano. Kanga ya kijani imekuwa bonge moja la rangi. Ukuta upo, meza ipo, uso wa mtoto unaonekana. Kifua kimetulia. Kile kibonyeo kilichokuwa kinaingia na kutoka kilikuwa kimefutika, umebaki wekundu laini usiosogea. Ungedhani mtoto amelala usingizi wa raha. Nikajua papo hapo kwamba hii haisemi nilichokiona.

Nikaituma.

Chini yake nikaandika maneno machache: "Mtoto miezi minne, anahema haraka, naomba ushauri." Sikuandika kwamba kifua kinabonyea. Vidole vilifika kwenye neno hilo, vikakumbuka vile vikatuni kumi na kimoja, vikarudi. Jibu likaja baada ya dakika chache: "Nimeona. Kifua hakibonyei. Mpe dawa ya maji, arudi kesho kutwa." Najua utanihoji, kwa hiyo nakujibu mapema. Ndiyo, ningeweza kupiga simu pale pale. Mtandao ulikuwapo wa kutosha kupiga. Nilichokosa ni ujasiri, na ajabu ya moyo wa binadamu ni kwamba nilipolisoma jibu lile nilisikia nafuu. Daktari ameona. Mimi ni nani?

Nikarudi zahanati, nikampa Mama Tumaini dawa ya maji, nikamwambia, "Daktari amemwona, anaendelea vizuri." Akanitazama kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Saa kumi jioni kona ya pili ikaporomoka. Alfajiri Baba Tumaini akaja kugonga. Alivua kofia tu.

Msibani watu wakauliza imekuwaje. Nikasema, "Mtandao umetuangusha. Video haikufika vizuri." Wote wakatikisa vichwa, kwa sababu huku mlimani mtandao umemwangusha kila mtu, kwa hiyo uongo huo haukuhitaji hata kusukumwa. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na birika la chai. Nilisikia ukilitua chini. Nikadhani ni zito.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilikuja na hakikuniumbua, nikajiona nimepona. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa umehamia kwa mwanangu. Ukaacha kuimba kwaya, nikasema ni umri. Ukaanza kung'ang'ania hesabu na fizikia mpaka usiku wa manane, nikajisifu kwa majirani. Ulipopata nafasi ya kusoma kompyuta, nilichinja kuku wawili. Miaka kumi nimekuwa nikivuna sifa za shamba lililomwagiliwa na hatia yako, na hatia yenyewe haikuwa yako.

Naomba unisamehe. Sitazunguka. Nilikukosea kuliko nilivyomkosea mtu mwingine aliye hai, isipokuwa mmoja, na huyo nitamfikia.

Mwezi uliopita ulinieleza utafiti wenyewe, tukiwa mezani hapa hapa, mimi nikichambua mahindi na maharage kwenye sinia. Sikukuambia jinsi maneno yako yalivyonichoma. Ulisema video ni picha nyingi zinazofuatana, na mashine haitumi kila picha nzima, ingechukua mwaka. Inatuma ya kwanza, kisha inabashiri inayofuata itakuwaje, halafu inatuma yale tu iliyokosea kubashiri. Ukaigawa sinia kwa kidole, mraba mraba, ukasema, "Hapa mahindi hayajasogea, sirudii kuyatuma. Hapa harage moja limesogea, natuma harage hilo tu." Nikakuuliza, je, likisogea kidogo sana? Ukasema, "Ndiyo shida, mama. Ukibana mno, mashine inasema kidogo hicho ni sawa na hakuna." Nikainuka kwenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Na ukanieleza jambo jingine ambalo nimelitafakari tangu siku hiyo. Kwamba wanapopima kama video iliyobanwa ni nzuri, wanalinganisha picha nzima na ya awali, wanatoa alama ya jumla. Ukuta ukiwa sawa, meza sawa, blanketi sawa, alama zinakuwa za juu. Kwa kipimo hicho video yangu ya Elirehema ingefaulu. Sehemu kubwa ya picha ilikuwa sahihi kabisa. Iliyoharibika ilikuwa pana kama kiganja changu, na ndiyo peke yake iliyokuwa na habari.

Sijui hesabu zako, na sitajifanya kukupa ushauri wa maabara. Lakini nimefanya kazi na miili ya watu miaka ishirini na sita, na hili nalijua: kidogo na kisicho muhimu ni vitu viwili mbalimbali. Mkikaa huko na wenzako mkipanga nini kitupwe ili video iwe nyepesi, uliza ni kidogo kwa nani. Uliza hata kama profesa ameshafunga daftari na wenzako wanataka kwenda kula. Nimekujua tangu ulipokuwa ukifungua redio ya baba yako kwa kisu cha mkate. Aibu ya kuuliza haikuwa ndani yako ulipozaliwa. Kama imeingia, imeingia kwa kuniangalia mimi, nami nakuomba uirudishe kwa mwenyewe.

Na mtu mkubwa akikuambia "nimeona", naye ameona kupitia kitu ulichompa wewe, mwambie ambacho hakikuonekana humo. Hata kama atacheka. Kuchekwa nimekuchunguza sana tangu siku ile: kunaunguza masaa mawili, matatu, kisha kunapoa. Hilo jingine halipoi.

Usinielewe vibaya kwamba nakuambia uache. Nakuambia uende, tena kwa miguu yote miwili. Kazi hiyo inahitajika. Mwaka huu huu nimeona mama mmoja akijifungua kwa shida, na daktari wa hospitali alitaka kuona, na ilibidi tuzunguke na simu dirishani kutafuta mtandao. Nikipata simu ambayo inabana kwa dakika badala ya nusu saa, isichemke, isimalize chaji ya sola, na ikabana kila kitu isipokuwa kile kinachopumua, nitaacha kumsema vibaya kila aliyebuni simu. Ila nataka uifanye kwa sababu unaipenda, kama ulivyoupenda ule uchafu wa redio. Mtu anayefanya kazi kulipa deni hukimbilia kumaliza. Na deni lenyewe si lako.

Namsifu, nimeweka kalamu chini hapo juu. Nilikuwa nimefikia kukuandikia "siku moja nitakwenda kwa Mama Tumaini nimwambie", nikasoma sentensi hiyo, nikaikata kwa mistari miwili. Unaweza kuiona. Siku moja ipi? Nakutuma wewe ng'ambo ukawe jasiri, na mimi kwa jirani sijafika. Nimefunga kanga, nimekwenda.

Sasa nimerudi. Jua bado lipo kidogo. Nakuandikia yalivyokuwa.

Nimewakuta shambani, leo ndiyo zamu yao ya maji ya ndiva, lile bwawa la ukoo wao wanalojaza na kugawana kwa zamu. Baba Tumaini alikuwa juu anafungulia mfereji. Mama Tumaini alikuwa chini na jembe, anaongoza maji kwenye matuta ya tangawizi. Nimepiga hodi toka njiani.

"Karibu, Nesi. Pita huku pakavu. Maji yamekuja, siwezi kuyaacha."

"Endelea, Mama Tumaini. Nitasema huku unafanya."

"Namsifu anaondoka kesho?"

"Kesho. Nimekuja kwa ajili ya Elirehema."

Hakuacha kulima, ila jembe lilipungua nguvu. Nimemwambia yote niliyokuandikia hapa. Kifua nilichokiona saa tatu asubuhi. Vile vikatuni. Kwamba niliitazama video kabla ya kuituma, nikaona haisemi kweli, nikaituma. Kwamba mtandao siku ile haukuwa na kosa. Sikulia, kwa sababu nilijua nikilia itabidi yeye anibembeleze, na hilo lingekuwa wizi wa pili.

Maji yakajaa tuta, yakaanza kumwagika pembeni. Ndipo alipoinuka.

"Nilikuona," akasema. "Siku ile. Ulipomlaza mezani uso wako ulibadilika. Mimi ni mama, nikajua nimekuja na mtoto mgonjwa sana. Halafu ukarudi na simu, ukasema daktari amemwona. Ukaitazama simu, hukumtazama tena mwanangu. Nikajiambia, kama Nesi hamtazami, basi amepona. Miaka mitatu nilikungoja uje. Ukawa unanisalimia vizuri tu. Nikaacha kungoja."

Nikasema, "Unaweza kunipeleka popote. Baraza la kata, wilayani, kanisani. Sitapinga neno."

Akatabasamu, tabasamu ambalo sikulipenda. "Nikushtaki? Mimi Mpare kama wewe, kesi naijua. Nikikushtaki utahukumiwa, utalipa, yataisha, na wewe utalala. Sitaki yaishe upesi namna hiyo." Akachota udongo kwa jembe, akaziba mahali maji yanapotorokea. "Na Namsifu? Jumapili nilimsikia kanisani. Yeye anajua?"

"Bado. Namwandikia."

"Mwambie kabla hajafika huko. Mwambie mimi nimesema simdai. Nilimwona msibani ameshika birika, hata kikombe changu alishindwa kumimina. Nilidhani anamlilia mtoto tu. Kumbe mmemwachia mtoto mzigo wa watu wazima." Alisema "mmemwachia", lakini alikuwa ananitazama mimi peke yangu.

"Na mimi, Mama Tumaini?"

"Wewe sijui. Usiniulize leo, leo nina maji." Akageukia tuta linalofuata. "Jumapili ukitoka ibadani uje nyumbani. Utakaa, utanieleza siku ile tangu nilipoingia mlangoni kwako, usiruke kitu. Alikuwa analia? Macho yalikuwa yanafuata kidole chako? Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa, kuna vitu sivikumbuki, na wewe ndiye pekee mwingine aliyemwona. Na Jumapili nyingine uje tena. Nikichoka nitakuambia."

Nikamwambia nitakuja. Akasema, "Haya." Basi. Nimepanda nyumbani, nimekaa hapa mezani, nimekunywa maji vikombe viwili.

Sijasamehewa, Namsifu, na sitaki ukae huko ukiniombea nisamehewe haraka. Nimepewa kazi. Nitalitafuta daftari la zahanati la mwaka ule, najua bado lipo kabatini. Nitalisoma ili nisikosee hata idadi ya pumzi. Nitamwambia kwamba ndiyo, macho yalifuata kidole changu, na kwamba alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mkono wa kushoto na hakuliachia hata nilipompima joto. Haya ninayakumbuka yote. Nimekuwa nayo peke yangu miaka kumi, na mama yake alikuwa anayatafuta.

Nasikia sauti yako chini njiani, unawaaga watoto wa jirani na unajibu marahaba ishirini. Nafunga bahasha. Kesho stendi nitakukumbatia, sitasema mengi, na baba yako atakutania mpaka basi liwake.

Ukimaliza kusoma, lia kama unataka kulia, kisha futa uso utazame nje. Video ile uliibana kwa sababu mama yako alikuagiza. Mama yake Elirehema amesema hakudai. Kwa hiyo unakwenda Korea ukiwa huna deni la mtu, umebeba akili yako tu na masweta ya shangazi zako.

Jumapili utakuwa umeshafika. Mimi nitakuwa nimekaa kwa Mama Tumaini, namsimulia mwanawe.

Mama yako,
Nakijwa